Safari za Clint Dempsey, Mshambuliaji wa Marekani

Wazee wetu walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa sokoni jana hufungwa kamba, si kwa kuwa ametenda kosa, bali kwa kuwa wenyeji hawajamjua bado. Naye hafunguliwi mpaka wawe na hakika kwamba amezoea boma. Binadamu naye huwa vivyo hivyo. Aendaye ugenini kutafuta kazi hufika na sifa alizozipata kwao, walakini sifa hizo hazimfai kitu mpaka wenyeji wamemwona kwa macho yao wenyewe. Katika insha hii tutazitazama habari za Clint Dempsey, mcheza mpira wa Marekani, ambaye alifungwa kamba hiyo si mara moja, na kila mara akaikata kwa miguu yake.

Ili tuelewe kwa nini Mmarekani alionekana mgeni katika viwanja vya Uingereza, hatuna budi kukumbuka kwanza hali ya mchezo huu katika nchi yake. Marekani ni taifa kubwa lenye mali na wanariadha hodari, lakini mapenzi ya watu wengi yalikuwa kwa besiboli, mpira wa kikapu, na ule mpira wao wa kukimbia nao mikononi. Si kwamba kabumbu haikujulikana huko. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1930 Marekani ilifika nusu fainali, na mwaka 1950, katika nchi ya Brazil, iliishinda Uingereza bao 1 kwa 0, jambo lililoushangaza ulimwengu. Baada ya hapo ilikaa miaka 40 bila kuonekana tena katika mashindano hayo. Ligi kubwa iliyoanzishwa mwaka 1968 ilipata kuchezewa hata na Pelé, lakini nayo ikafa baada ya msimu wa 1984. Ligi nyingine, iitwayo Major League Soccer, haikuanza mpaka mwaka 1996. Basi mtoto aliyezaliwa katika miaka ya hapo kati alikua katika nchi ambayo mcheza mpira hakujua atakwenda kuchezea wapi akiwa mtu mzima.

Mtoto wa namna hiyo alikuwa Dempsey. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 katika mji mdogo wa Nacogdoches, mashariki ya jimbo la Texas. Wazazi wake hawakuwa na mali. Kwa muda jamaa hiyo iliishi katika nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa katika kiwanja cha babu na bibi. Katika mji huo walikuwako wahamiaji wengi kutoka Mexico, watu wanaoupenda mpira kama chakula, na kijana Clint alicheza pamoja nao. Kwao alijifunza chenga na ujanja, mambo ambayo mwalimu mwenye filimbi hawezi kuyafundisha upesi. Kipaji chake kilipoonekana alipata nafasi katika timu ya vijana ya mji wa Dallas. Lakini kutoka Nacogdoches hadi Dallas ni mwendo wa saa tatu kwa motokaa, na saa tatu nyingine za kurudi, na petroli hainunuliwi kwa kipaji.

Hapo ndipo jambo zito lilipoipata jamaa hiyo. Dada yake, Jennifer, alikuwa mchezaji hodari wa tenisi, naye pia alihitaji kusafiri kwenda mashindanoni. Fedha na muda wa wazazi havikutosha watoto wawili. Ikambidi Clint aiache timu yake ya Dallas ili dada yake aendelee. Kisha, mwezi wa Novemba mwaka 1995, Jennifer alikufa ghafula kwa kupasuka mshipa wa damu katika ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 16, na ndugu yake miaka 12. Baada ya msiba huo kijana alirudi Dallas kucheza, na wazazi wa wenzake wakasaidia katika safari. Tangu siku hizo mpira haukuwa tena mchezo wa kupitisha jioni. Alijua kwamba nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa kwanza ya mwingine, na miaka mingi baadaye, alipofunga bao, alikuwa akitazama juu na kuelekeza kidole mbinguni kumkumbuka dada yake.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Furman, jimbo la South Carolina, na mwezi wa Januari 2004 vilabu vya ligi vilipokutana kuwachagua vijana wapya, alichaguliwa wa 8 na kuingia New England Revolution. Mwaka huo huo alitajwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Timu yake ilifika fainali ya mwaka 2005 na ya mwaka 2006, ikashindwa zote mbili. Katikati ya miaka hiyo alikwenda Ujerumani na timu ya taifa, akafunga bao la pekee lililofungwa na mchezaji wa Marekani katika Kombe hilo la Dunia, walipocheza na Ghana. Sasa vilabu vya Ulaya vikaanza kumtazama.

Mwezi wa Januari 2007 klabu ya Fulham ya London ilimnunua kwa ada iliyosemekana kuwa dola milioni 4, na wakati ule hapakuwa na mchezaji wa ligi ya Marekani aliyewahi kuuzwa kwa fedha nyingi zaidi. Fulham ni klabu ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1879, na uwanja wake, Craven Cottage, uko kandokando ya mto Thames. Haikuwa klabu ya kutwaa mataji. Kazi yake ya kila mwaka ilikuwa kujiokoa isishushwe daraja. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuonekana hapo, kwa maana mshambuliaji Brian McBride alikuwa ametangulia mwaka 2004 na kupendwa sana. Hata hivyo Dempsey alianza kama waanzavyo wageni: kwenye benchi.

Tarehe 5 Mei 2007 Fulham ilicheza na Liverpool nyumbani, msimu ukiwa umebaki mchezo mmoja baada ya huo. Dempsey aliingizwa kutoka benchi, na katika dakika ya 69 akafunga bao la pekee la siku ile, lililokuwa bao lake la kwanza kwa klabu hiyo. Tuihesabu thamani yake. Mwisho wa msimu Fulham ilikuwa na pointi 39, na Sheffield United, iliyoshushwa daraja, ilikuwa na 38. Kama mchezo ule ungalikwisha sare, Fulham ingalipata pointi 37, na yenyewe ndiyo ingalishuka. Bao moja la mgeni liliiweka klabu nzima mahali pake.

Ungedhani kwamba baada ya hayo kamba ilifunguliwa. Haikuwa hivyo. Klabu ile ilibadilisha walimu mara kwa mara, na kila mwalimu mpya alikuja na mawazo yake. Dempsey akarudi benchi, akajipatia nafasi, kisha akaanza upya. Hakununa akaondoka. Alicheza ubavuni alipoambiwa acheze ubavuni, na mbele alipoambiwa acheze mbele.

Usiku ambao jina lake halitasahauliwa Craven Cottage ni ule wa tarehe 18 Machi 2010. Fulham ilikuwa katika mashindano ya Europa League, na katika mchezo wa kwanza huko Turin ilikuwa imeshindwa na Juventus mabao 3 kwa 1. Katika mchezo wa marudiano, dakika ya 2 tu, Juventus walifunga tena. Watu wengi waliona kwamba mambo yamekwisha. Lakini Fulham walifunga mabao matatu, na Juventus wakabaki watu 10 baada ya Fabio Cannavaro kutolewa nje. Hesabu zikawa sawasawa. Dempsey, aliyekuwa ametoka kuugua goti, aliingia akiwa mchezaji wa akiba. Katika dakika ya 82 aliupata mpira pembeni ya eneo la hatari, mgongo wake ukiwa karibu kulielekea lango. Wengi wangeupiga kwa nguvu. Yeye aliudokoa taratibu, ukapaa juu ya mlinda mlango, ukashuka ndani ya wavu upande wa pili. Fulham wakashinda mabao 4 kwa 1, na kwa jumla 5 kwa 4. Walifika mpaka fainali huko Hamburg, tarehe 12 Mei 2010, wakashindwa na Atlético Madrid mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Siku ile pia Dempsey alitoka benchi.

Ndipo ilipokuja miaka yake ya mavuno. Katika msimu wa 2010 hadi 2011 alifunga mabao 12 ya ligi, na katika msimu uliofuata mabao 17. Tarehe 21 Januari 2012 Fulham iliishinda Newcastle mabao 5 kwa 2, na matatu kati ya hayo yalikuwa yake. Hakuna Mmarekani aliyewahi kufunga matatu katika mchezo mmoja wa ligi kuu ya Uingereza kabla yake. Mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Hapa msomaji atanibidi nimweleze pia yasiyopendeza, kwa sababu historia si sifa tupu. Mwaka huo wa 2012 Dempsey alitaka kuondoka aende klabu kubwa zaidi. Msimu ulipoanza, mwalimu wake, Martin Jol, alisema hadharani kwamba mchezaji huyo hataki kuichezea Fulham, na mashabiki waliompenda wakaudhika. Siku ya mwisho ya usajili, tarehe 31 Agosti, alihamia Tottenham Hotspur, klabu ile ile ambayo Mkenya Victor Wanyama alikuja kuichezea kuanzia mwaka 2016. Je, alikosa shukrani? Yamkini wako watakaosema hivyo. Lakini alikuwa na umri wa miaka 29, na miguu ya mcheza mpira ina siku zake chache. Mwezi mmoja baadaye alifunga katika uwanja wa Old Trafford, Tottenham iliposhinda Manchester United mabao 3 kwa 2, ushindi ambao ilikuwa haijaupata hapo tangu mwaka 1989. Pamoja na hayo, mabao yake ya ligi msimu ule yalikuwa 7 tu, na kamba ilianza tena kuonekana mguuni.

Mwezi wa Agosti 2013 aliwashangaza wengi kwa kurudi nyumbani, katika klabu ya Seattle Sounders. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa. Wengine walisema kwamba mtu aliyefunga mabao 57 katika ligi kuu ya Uingereza hana haja ya kurudi katika ligi dhaifu, na kwamba amefuata fedha. Wengine walijibu kwamba ligi ya nyumbani haiwezi kupata nguvu ikiwa kila hodari ataikimbia. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na ukweli wao. Fedha alizoahidiwa zilikuwa nyingi kweli. Na ni kweli vilevile kwamba mwaka 2014 alifunga mabao 15 ya ligi, na Seattle ikamaliza juu ya timu zote za ligi na kutwaa Kombe la Wazi la Marekani.

Kabla ya msimu huo wa 2014 kuanza, Fulham ilimwazima kwa miezi miwili ili awasaidie katika dhiki yao. Hakupata bao hata moja la ligi, na mwezi wa Mei klabu ile ikashushwa daraja. Mambo ya 2007 hayakurudi. Na mwezi wa Juni 2015, katika mchezo wa kombe, hasira ilimshinda. Alikishika kijitabu cha mwamuzi akakirarua, akafungiwa. Mtu hodari naye hukosea, na adhabu haimwulizi jina lake.

Jaribu la mwisho halikutoka kwa mwalimu wala kwa mshabiki. Mwaka 2016 madaktari waligundua kwamba moyo wake unapiga pasipo utaratibu. Aliwekwa kando, na mwezi wa Desemba wenzake walipoutwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia ya Seattle, hakuwamo uwanjani. Watu wengi walidhani amekwisha. Lakini mwaka 2017 aliruhusiwa kucheza tena, akafunga mabao 12 ya ligi, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa ushindi. Mwaka huo huo alifikisha mabao 57 kwa timu ya taifa, sawa na Landon Donovan, ambaye hapo kabla alikuwa peke yake juu ya wote. Tarehe 29 Agosti 2018 alitangaza kwamba ameacha mpira.

Ukizipima safari hizi kwa mataji tu, utaona si mengi. Hakutwaa kombe lolote Ulaya, na ubingwa wa ligi ya nyumbani ulipatikana yeye akiwa mgonjwa. Thamani ya maisha yake ya mchezo iko mahali pengine. Alitoka katika nchi ambayo wachezaji wake hawakuaminiwa, na kila mahali alipofika ilimpasa athibitishe tena jambo lile lile: kwa New England, kwa kila mwalimu wa Fulham, kwa Tottenham, na mwisho kwa madaktari. Hakuna bao la jana lililomhakikishia nafasi ya kesho.

Ninyi wanafunzi mtakwenda ugenini: wengine vyuoni, wengine kazini, wengine nchi za mbali. Mtafika na vyeti vyenu, na wenyeji watavisoma kisha wataviweka kando na kungoja waone. Msiwakasirikie. Fanyeni kazi, hata mkianza benchi. Wala msisahau kwamba nyuma ya kila asafiriye yuko mtu aliyebaki ili yeye apate nauli.