Katani ya Bibi

Ujumbe wa sauti wa shangazi uliingia saa kumi na moja alfajiri, Oktoba 2025, nikiwa bado kitandani Lexington, Kentucky. Kule Korogwe ilikuwa mchana. Jogoo aliwika nyuma ya sauti yake kana kwamba naye ana neno.

"Mwanangu, za huko? Bibi yako magoti yamemshinda, msikitini haendi tena. Kijana wa jirani anasema huko Marekani kuna mafuta ya bangi yanauzwa kihalali kabisa, mtu anaagiza kwa simu. Tuletee Desemba ukija. Na baba yako asijue."

Nilicheka, kisha nikaingia mtandaoni. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimelipa dola 45. Duka liliandika kwa herufi kubwa kwamba bidhaa zake ni halali katika majimbo yote 50. Hakuna aliyeniuliza cheti cha daktari. Nilibofya kisanduku kuthibitisha kwamba nimefikisha miaka 21, basi. Siku ya nne kifurushi kilikuwa mlangoni. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa ugomvi wa bajeti, lakini posta inajiendesha kwa mapato yake, kwa hiyo mafuta ya bibi yaliletwa na mtu aliyevaa sare ya posta ya taifa.

Ndani mlikuwa na chupa ya mililita 30 na cheti cha maabara: CBD miligramu 1,500, THC miligramu 40, yaani chini ya asilimia 0.3. CBD ni ile kemikali ya mmea wa bangi isiyolewesha. THC ndiyo inayolewesha. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuiuliza kila karatasi imetoka wapi. Nikakiweka cheti juu ya meza na kuanza na namba moja tu: hiyo asilimia 0.3 aliipanga nani?

Nilitegemea kukutana na madaktari. Nilikutana na wataalamu wa mimea. Mwaka 1976 Ernest Small wa Kanada na Arthur Cronquist wa Marekani walichapisha makala kuhusu namna ya kuainisha mimea ya jamii ya bangi. Walitaka mstari wa kutenganisha ile inayopandwa kwa nyuzi na mbegu na ile inayopandwa kwa kulewesha, wakachagua asilimia 0.3 ya THC katika majani makavu. Wenyewe waliandika wazi kwamba wameuchagua mstari huo kwa hiari yao, kama mwongozo tu. Haukuwa mpaka wa ulevi wala wa usalama. Ulikuwa msaada kwa watu wanaopanga majani makavu kwenye makabati ya utafiti. Miaka 38 baadaye namba hiyo iliingia katika sheria ya Marekani, na sasa ilikuwa mezani kwangu.

Nilipotaka kumweleza shangazi, nilikwama kwenye neno. Waamerika wana maneno mawili. Mmea wa kilimo wanauita hemp, ambao hapa nitauita hempu, na ule wa kuvuta wana majina yake kadhaa. Kiswahili kina bangi, neno lililovuka Bahari ya Hindi. Mmisionari Mreno João dos Santos alikwisha kuliandika, kwa tahajia yake, katika kitabu chake cha 1609 kuhusu pwani ya kusini-mashariki mwa Afrika. Kamusi ukiiuliza hempu, inakujibu: katani. Lakini kwetu Tanga katani ni nyuzi za mkonge, na mkonge hauna undugu wowote na bangi. Hata hivyo neno katani lenyewe lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya kitani, tena mmea mwingine kabisa. Jina lilifuata kamba, halikufuata mmea.

Waingereza nao walifanya hivyohivyo. Mkonge waliuita hempu ya mkonge, na nyuzi za mgomba wa Ufilipino wakaziita hempu ya Manila. Mchanganyiko huo wa majina ndio uliounganisha Kentucky na Korogwe, na nilichelewa kuuona ingawa ulipita katikati ya familia yangu.

Kentucky ilikuwa nchi ya hempu. Kilomita chache kutoka chumbani kwangu kuna Ashland, shamba la mwanasiasa Henry Clay, ambako hempu ililimwa na watumwa. Kazi ya kuvunja mabua ili kutoa nyuzi ilifanyika wakati wa baridi, kwa mikono. Nyuzi hizo zilifanywa magunia na kamba za kufungia marobota ya pamba, pamba ambayo ililimwa na watumwa wengine kusini zaidi. Utumwa ulipokwisha na magunia ya juti ya India yakaja kwa bei rahisi, zao hilo likadidimia.

Sheria ndiyo iliyolimalizia. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kodi ya bangi, iliyopigiwa debe na Harry Anslinger, mkuu wa idara ya dawa za kulevya. Haikusema moja kwa moja kwamba bangi ni marufuku. Ilidai kodi na stakabadhi kiasi cha kumfanya mtu wa kawaida ashindwe. Dakta William Woodward, aliyefika bungeni kwa niaba ya chama cha madaktari, alilalamika kwamba wenzake hawakujua kuwa neno hilo la mitaani lililoandikwa kwenye muswada linamaanisha dawa iliyokuwamo kwenye maduka yao. Watunga sheria waliliacha bua lililokomaa na nyuzi zake nje ya katazo, lakini mkulima alipaswa kusajiliwa na kulipa kodi kwa mmea uleule. Kwa hiyo mmea mmoja ulikuwa halali kiunoni na haramu kichwani.

Kisha vikaja vita. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, hempu ya Manila ilikatika na majeshi ya majini yakakosa kamba. Wizara ya kilimo ya Marekani ikatoa filamu ya kuwahimiza wakulima wapande hempu kwa ajili ya ushindi, miaka mitano tu baada ya sheria ile. Waingereza nao, wakiwa na pengo hilohilo la kamba, waligeukia Tanganyika.

Mkonge wetu ulitokea Amerika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yapata 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai. Kufikia wakati wa vita, watoto wa miche hiyo walikuwa wamefunika mashamba kutoka Pangani hadi Korogwe, na serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kwenda kuyafanyia kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua kutoka mikoa ya mbali, SILABU. Vibarua hao walipewa namba, wakaitwa manamba. Baba yake bibi alitoka Songea akiwa mmoja wao, na hakurudi. Bibi mwenyewe alianika katani kwenye kamba za uwanjani kwa zaidi ya miaka 20, akiinama na kuinuka. Magoti ninayoyatafutia mafuta yaliharibikia huko.

Vita vilipokwisha, Marekani iliirudisha hempu gizani. Sheria ya dawa za kulevya ya 1970 ilichukua tafsiri ya 1937 karibu ilivyo na kuiweka bangi katika daraja la kwanza, pamoja na heroini. Sheria ya Kilimo ya 2014 ilifungua mlango kidogo kwa majaribio. Mwaka huohuo wizara ya kilimo ya Kentucky iliagiza mbegu kutoka Italia, zikazuiwa Louisville, na jimbo likaishtaki idara ya kupambana na dawa za kulevya ya serikali kuu mpaka zikaachiwa. Hatimaye, Desemba 20, 2018, ikaja Sheria ya Kilimo iliyosukumwa na Seneta Mitch McConnell wa hapahapa Kentucky, akiwatafutia wakulima zao la kuchukua nafasi ya tumbaku.

Sheria hiyo ilisema hempu ni mmea, na sehemu yake yoyote, na kila kitokanacho nayo, ilimradi THC aina ya delta-9 isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Kitu chochote chini ya mstari huo kiliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya za serikali kuu. Majimbo yalibaki na haki ya kuzuia mauzo, ila hayakuruhusiwa kuzuia mzigo unaopita. Kwa hiyo maneno "halali katika majimbo yote 50" yalikuwa ya muuza duka. Serikali kuu ilikuwa imenyamaza na majimbo kila moja likawa na lake. Hata mamlaka ya chakula na dawa ilishikilia kwamba CBD hairuhusiwi kuuzwa ndani ya chakula, kwa sababu Juni 2018 ilikuwa imeidhinishwa kama dawa ya aina adimu za kifafa.

Wafanyabiashara waliisoma sheria neno kwa neno, kama mwanafunzi anayejua swali litatoka wapi. Wakulima walipanda hempu nyingi mno, bei ya CBD ikaporomoka, na maghala yakajaa. Wakemia wakajua kwamba CBD ikichanganywa na asidi hugeuka kuwa THC aina ya delta-8, nayo inalewesha. Sheria ilitaja delta-9 tu. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ya mkondo wa tisa, katika kesi ya nembo za biashara kati ya AK Futures na Boyd Street Distro, ilisema delta-8 itokanayo na hempu inaingia ndani ya maneno ya sheria. Kama Kongresi ilikosea, ni juu ya Kongresi kusahihisha.

Kisha kuna hesabu ya pipi. Asilimia 0.3 ya jani ni kidogo. Asilimia 0.3 ya pipi laini yenye gramu nne ni miligramu 12, wakati dozi moja ya kawaida katika maduka ya bangi ya Colorado ni miligramu 10. Namba ya wapanga majani, ikihamishiwa kwenye sukari, ilimruhusu mtu kuuza ulevi kamili kwa posta.

Chupa ya bibi ilikuwa bado rafuni sheria ilipogeuka. Novemba 12, 2025, Rais Trump alisaini sheria ya kuifungua serikali baada ya siku 43, na ndani ya kurasa za bajeti mlikuwa na tafsiri mpya ya hempu. Sasa THC ya aina zote inahesabiwa, kemikali zilizotengenezwa maabara zinatolewa nje, na bidhaa ya mwisho haitakiwi kuzidi miligramu 0.4 kwa chombo kizima. Utekelezaji umepangwa kuanza mwaka mmoja baadaye. McConnell, yuleyule wa 2018, ndiye aliyepigania kuuziba mwanya. Rand Paul, seneta mwenzake wa Kentucky, alijaribu kuuzuia na akashindwa. Chupa yangu ina miligramu 40, mara mia ya kiwango hicho. Haikubadilika hata tone moja, ila ilipewa tarehe ya kuwa haramu.

Mimi si raia. Visa yangu ya masomo inatazama sheria ya serikali kuu, haitazami bango la duka wala huruma ya jimbo. Na mkoba wa Desemba ungekuwa na matatizo yake. Posta ya Marekani, inayobeba hempu ndani ya nchi, inakataa kuipeleka nje. Tanzania bangi ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya 2015, na afisa wa uwanja wa ndege hana sababu ya kujali makala ya 1976. Aliyeniuzia alitimiza wajibu wake pale nilipobofya kisanduku. Kuanzia hapo, hatari yote ilikuwa yangu, na kwa kiasi fulani ya kikongwe ambaye hajui jina la anachotumiwa. Na hata ningefika salama, ushahidi kwamba mafuta hayo yanaponya magoti ni mwembamba. Hilo nililisoma baada ya kulipa.

Nilimpigia bibi mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamweleza, nikiruka mahakama na asilimia. Alinyamaza nikadhani mtandao umekata. Kumbe anacheka.

"Shangazi yako anataka ufungwe kwa ajili ya magoti yangu? Haya magoti ya katani, yaache hukuhuku. Hivi huko mnaita nini katani?"

Nikamwambia zamani waliiita kwa jina moja na bangi.

"Moja?" Akanyamaza tena. "Basi miaka yote ile nimeanika bangi ya Mzungu, na mshahara wenyewe ule!"

Jumamosi iliyofuata niliyamwaga mafuta kwenye takataka, dola 45 zikaenda. Desemba nilifika Korogwe na bandeji za magoti mbili na dawa ya kuchua iliyonunuliwa duka la dawa Dar es Salaam, kwa risiti. Bibi alizivaa akaenda msikitini Ijumaa moja, ya pili akasema zinambana. Cheti cha maabara ninacho bado. Kipo kwenye faili la utafiti wangu, kati ya nakala ya sheria ya 1937 na karatasi niliyoandika jina la baba yake bibi, kwa kuwa namba aliyopewa shambani hakuna anayeikumbuka.