Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mwasi au Mtawala?

Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mzee wa vita aliyetawala Gazi, katika Kwale ya leo, na kulipima neno moja lililomwandama tangu 1895, nalo ni mwasi. Nyaraka za utawala wa Kiingereza zilimpa sifa hiyo, na waandishi wengi wakaifuata bila ya kuihoji.

Kwanza yafaa tuitaje nasaba yake. Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji huo, akamkamata Rashid pamoja na jamaa zake, akawapeleka uhamishoni wasikorudi. Walionusurika waligawanyika: baadhi walikwenda Takaungu, upande wa kaskazini, na wengine wakakaa Gazi. Kutokana na tarehe hiyo ni dhahiri kwamba Mbaruk, mwaka 1895, hakuwa na umri chini ya miaka 57. Hapa msomaji hana budi kujihadhari na majina, kwani Takaungu nayo ilikuwa na Mbaruk bin Rashid wake, na Rashid bin Salim wake pia.

Mbaruk wa Gazi alipigana na Zanzibar mara kadha wa kadha, akapatana nayo, kisha akapigana tena. Ngome yake ya Mwele, katika vilima vya Kwale, ilishambuliwa na Lloyd Mathews mwaka 1882. Kampuni ya Kiingereza iliyopata hati yake mwaka 1888 ilimkuta angali mwenye nguvu, na kwa miaka kadhaa aliishi nayo kwa mapatano.

Mambo yalibadilika mapema mwaka 1895, alipofariki mtawala wa Takaungu. Kampuni ilimweka Rashid bin Salim mahali pake. Mbaruk wa Takaungu akakataa, akashika silaha, na hatimaye akakimbilia Gazi. Mzee hakumtoa jamaa yake. Tarehe 17 Agosti 1895 majeshi ya Admirali Rawson yaliiteka Mwele. Hata hivyo vita viliendelea vichakani mpaka askari walipoletwa kutoka Bara Hindi, na mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wadachi. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa tulirudie neno lenyewe. Kuasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kukataa kutii, na maasi ni ndugu yake. Kwa hiyo mwasi hubeba harufu ya dhambi. Aidha, hapana uasi pasipo utii uliotangulia. Himaya ya Kiingereza ilianza tarehe 1 Julai 1895, na mkataba wa ukanda wa pwani baina ya Uingereza na Sultani ukatiwa saini tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, baada ya Mwele kuanguka. Kumwita Mbaruk mwasi ni kulikata shauri la nani aliyestahili kutiiwa kabla halijasikilizwa.

Lakini tusitoke katika kosa moja tukaingia katika jingine. Neno shujaa nalo halitoshi. Mbaruk alikuwa bwana wa watumwa, na vita vyake viliwaletea hasara kubwa Wadigo na Waduruma, ijapokuwa wamo miongoni mwao waliomfuata vitani. Kijiji kilichochomewa vyakula hakiwezi kuimba sifa kwa sauti moja na jamaa waliohifadhiwa Gazi.

Yatupasa basi kumwita kwa kazi aliyoifanya: mtawala wa Gazi. Cheo hicho hakimsafishi wala hakimhukumu. Chawaachia waliotawaliwa naye nafasi ya kutoa ushahidi wao, na ushahidi huo ndio ambao historia ya pwani ya kusini imeukosa kwa muda mrefu.