Barua ya Faragha na Riwaya ya Mapenzi: Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kusoma kuliingia katika nchi hii kwa mlango wa dini. Wamisheni wa Kianglikana walifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao tangu 1885, wakawa wakivuka ziwa kwenda kufundisha vijiji vya mwambao wa mashariki. Mmoja wao, William Percival Johnson, aliyefasiri Biblia kwa Kinyanja, alifariki Liuli mwaka 1928. Huko milimani kwa Wamatengo herufi zililetwa na Wabenedikto, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Kitabu cha kwanza, basi, kilikuwa cha sala na katekisimu, nacho kilisomwa kwa sauti mbele ya watu.

Baada ya kitabu ikaja barua. Wilaya ya Songea, ambayo Mbinga ilikuwa sehemu yake hata miaka ya 1970, ilitoa vijana wengi waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali. Neno la mume lilirudi katika bahasha, na mke asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule amsomee. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Siri ya watu wawili ilipita kinywani mwa mtoto, na pengine jirani alikuwa ameketi pale pale. Si ajabu barua za namna hiyo kujaa salamu, habari za afya na habari za fedha, kisha salamu tena. Mapenzi yenyewe yalifichwa kwa mafumbo, au hayakuandikwa kabisa.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1975 walibaki 39 katika kila 100. Faida ya kazi hiyo huhesabiwa kwa kilimo bora na usafi wa maji. Faida nyingine haihesabiwi: mwanamke aliweza kufungua bahasha yake peke yake.

Wakati uo huo, mwaka 1971, ilitoka *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Kisa ni cha Ukerewe, katika ziwa jingine, lakini Mkatoliki wa Mbinga hakuhitaji mkalimani: jina la Bikira Maria, shule ya bweni ya wasichana, baba mkali, vyote alivijua. Serikali iliizuia riwaya hiyo shuleni, kisha baadaye ikaingia katika vitabu vya sekondari. Wanaozilaumu riwaya za mapenzi husema zinafundisha utovu wa adabu. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Rosa anauawa na siri yake kwa kuwa hana wa kumwambia. Msomaji mwenye fedheha kama hiyo kifuani anaikuta imetajwa waziwazi, naye mwenyewe hakutajwa. Miaka tisa baadaye *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed ilimwangusha Maimuna vibaya vile vile, lakini haikumfungia njia ya kurudi.

Tena msiba wa Rosa unaanza na barua ya mvulana, inayoangukia mikononi mwa baba yake. Zakaria hakumwita mtoto wa shule amsomee. Alikuwa mwalimu zamani, akaisoma mwenyewe, kisha akampiga binti.