Mshairi Aliyenyang'anywa Pasi Mara Mbili



Tulipokwenda Kigali kutoa fotokopi za jarida hili, umeme ulikatika. Tukakaa kwenye baraza ya duka, pale Gisimenti, tukingoja. Kando yetu alikuwapo kijana wa Sudan, mmoja wa wale waliotolewa Libya na kuletwa kituo cha Gashora, kilichoanza kuwapokea mwaka 2019. Akauliza tunaandika nini. Tukamjibu: historia ya wakimbizi. Akasema, "Basi, Mwalimu, mwandikeni Fayturi." Kisha akaanza kutoa mashairi ya mtu huyo, ambayo yote alikuwa nayo kichwani.

Tunakiri kwamba jina hilo lilikuwa geni kwetu. Katika chuo cha ualimu tulisomeshwa Senghor na Césaire, walioimba weusi wetu kwa Kifaransa. Hatukuambiwa kwamba yuko aliyeuimba kwa Kiarabu.

Muhammad al-Fayturi alizaliwa El Geneina, magharibi ya Darfur, karibu na mpaka wa Chad. Baba yake alikuwa shehe wa tarika, mwenye asili ya Libya. Mtoto alikulia Aleksandria, nchini Misri, akahifadhi Qurani, kisha akasoma Al-Azhar, Kairo. Katika nchi hiyo alionja uchungu wa kudharauliwa kwa ajili ya rangi yake. Badala ya kujificha, aliifanya rangi hiyo kuwa wimbo. Mwaka 1955 alitoa kitabu chake cha kwanza, Nyimbo za Afrika. Tukumbuke kwamba wakati ule Kongo na Rwanda zilikuwa bado chini ya Wabelgiji, na Sudan ilikuwa haijapata uhuru wake wa mwaka 1956. Mwezi Oktoba 1964 raia wa Sudan waliuangusha utawala wa kijeshi wa Jenerali Abboud, na mwimbaji Mohammed Wardi akayatia maneno ya Fayturi katika wimbo ambao Wasudani wanauimba hata leo.

Lakini mtu aliyeimbwa na taifa zima alikuja kuambiwa kwamba si wa taifa hilo. Mwaka 1974 serikali ya Nimeiri ilimvua uraia. Libya, nchi ya asili ya baba yake, ikampa pasi na kazi katika balozi zake. Mwaka 2011 Gaddafi alipoanguka, wakubwa wapya wakamnyang'anya pasi hiyo nayo. Akabaki Moroko, mzee, mgonjwa, asiye na karatasi ya nchi yoyote. Sudan ilimrudishia pasi mwaka 2014. Tarehe 24 Aprili 2015 akafariki, akazikwa mjini Rabat. Miaka 40 ya kungoja, na karatasi ile hakukaa nayo hata miaka miwili.

Wengi wetu tunaijua habari hii bila kusoma kitabu. Wazazi wetu walipewa uraia wa Zaire kwa sheria ya mwaka 1972, wakanyang'anywa kwa sheria ya mwaka 1981, bila kuhama kilima walichozaliwa. Sheria ya mwaka 2004 ilijaribu kutengeneza jambo hilo, lakini wakati huo wengi walikuwa tayari chini ya mahema. Ndiyo maana mwanafunzi aliyezaliwa hapa kambini anaposimama darasani na kuuliza, "Mwalimu, sisi ni watu wa wapi?" chaki hutusimama mkononi.

Hatusemi kwamba karatasi si kitu. Fayturi mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, aliihitaji. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili hata laini ya simu. Kwa hiyo tunawaomba ndugu wa mashirika: jina la mtoto likiandikwa vibaya kwenye orodha, msiseme ni jambo dogo. Herufi moja inaweza kumfuata mtu mpaka uzeeni.

Lakini liko jambo jingine. Serikali mbili zilimnyang'anya Fayturi pasi, na hakuna hata moja iliyoweza kuyatoa mashairi yake vichwani mwa watu. El Geneina, mji alikozaliwa, ulishambuliwa vikali mwaka 2023. Watu wengi waliuawa, na malaki ya watu wa eneo hilo wakavuka mpaka kwenda Chad. Waliacha nyumba na vyeti. Mashairi walikwenda nayo, kama yule kijana aliyekaa nasi barazani.

Basi tunawaomba wazazi. Kila mmoja amwambie mtoto wake jina la kijiji chake, la kilima, la mto aliochota maji, na majina ya babu zake. Sisi walimu tutawapa watoto daftari, kila mtoto aandike yake kwa mkono wake, na Kamati imekubali kuyatunza. Siku yule mwanafunzi atakapouliza tena, tutamwambia afungue daftari lake asome kwa sauti, darasa zima lisikie.

Umeme uliporudi Gisimenti, tulimpa yule kijana nakala ya kwanza. Hajui Kiswahili sana, lakini tulimwonyesha mahali jina la Fayturi litakapokuwa. Tulikuwa tumeacha ukurasa huu wazi kwa ajili yake.