Kyaka na Kaboya: Ardhi ya Vita vya Kagera

Mto Kagera hupita Kyaka ukielekea Ziwa Viktoria, na anayeutazama hapo angedhani huo ndio mpaka. Sivyo. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi hizi mwaka 1890, hawakuujali mto. Walifuata mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Matokeo yake, ardhi ya Tanzania yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800 ilibaki ng'ambo, kati ya mto na mstari huo. Anayetoka Uganda kupitia Mutukula hakuti mlima wala maji ya kumzuia. Anayetoka Bukoba lazima avuke mto, na njia kuu ya magari ilikuwa daraja la Kyaka. Bila kuielewa ramani hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini vita vya mwaka 1978 vilianza jinsi vilivyoanza, na kwa nini watu wa ng'ambo, ambako leo ni wilaya ya Missenyi, ndio waliotangulia kuumia.

Uhasama wenyewe ulikuwa na miaka saba. Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere akakataa kuitambua serikali yake na kumpa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kumshambulia Amin, wakashindwa vibaya. Mkataba wa Mogadishu wa mwezi uliofuata ulizituliza pande mbili, lakini haukuzipatanisha.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilianza kudondosha mabomu katika mkoa ambao leo ni Kagera, Bukoba ikiwemo, na wakazi wengi wakauhama mji. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Amin yaliingia kwa nguvu, yakaishika ardhi yote hadi ukingo wa mto. Siku mbili baadaye Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Ili jeshi la Tanzania lisivuke, daraja la Kyaka lilipaswa kubomolewa. Ndege zilijaribu bila mafanikio, ndipo mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, nchini Uganda, akatumiwa, na daraja likalipuliwa tarehe 3 Novemba.

Wiki hizo chache za kukaliwa ndizo sehemu nzito zaidi ya historia ya mahali hapa, ingawa masimulizi mengi ya vita huzipita haraka ili yafike Kampala. Raia waliuawa, na idadi inayokadiriwa ni kama 1,500. Wanawake walibakwa. Maelfu walikimbilia porini au kujaribu kuvuka mto usio na daraja. Ng'ombe waliswagwa kwenda Uganda, mabati yakang'olewa mapaani, mashine na mali za kiwanda cha sukari cha Kagera zikaporwa. Kwa familia za wafugaji, kupoteza ng'ombe kulikuwa kupoteza akiba, mahari na mbolea ya migomba kwa pamoja. Magofu ya kanisa lililobomolewa wakati huo bado yapo Kyaka, nayo yanaeleza mengi kuliko mnara wowote uliojengwa baadaye.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itampiga Amin, na kwamba sababu, uwezo na nia vyote vipo. Kuhusu uwezo, ukweli ni kwamba ulikuwa bado kukusanywa. Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiozidi 40,000. Katika wiki chache liliongezwa, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, likapita 150,000, kwa kuchukua polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo wapatao 40,000. Malori na mabasi yalichukuliwa kutoka mashirika ya umma na watu binafsi kubeba askari na chakula hadi kaskazini magharibi, kwa barabara ambazo wakati wa mvua hazikuwa za kutegemewa.

Mgambo hawakuzuka ghafla. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliotolewa wiki chache baada ya Amin kushika madaraka, ulitaka wananchi wafundishwe kuilinda nchi yao, na kwa miaka kadhaa wakulima na wafanyakazi walikuwa wakipiga kwata vijijini na kazini. Wengi waliliona zoezi hilo kama usumbufu wa jioni. Mwaka 1978 ndilo lililowapeleka mstari wa mbele.

Chini ya Mkuu wa Majeshi, Jenerali Abdallah Twalipo, askari wa Tanzania walivuka tena mto Novemba hiyohiyo kwa daraja la muda, wakakuta vijiji vitupu na maiti zisizozikwa. Mutukula ilitekwa Januari 1979 na kubomolewa karibu yote. Hasira ya yaliyoonekana ng'ambo ya mto ilichangia, na hilo halina haja ya kufichwa. Masaka na Mbarara zilianguka mwishoni mwa Februari. Mapigano ya Lukaya ya Machi, ambako askari wa Libya walimsaidia Amin, yalikuwa magumu, lakini Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na tarehe 3 Juni vikosi vilifika mpaka wa Sudani. Waganda waliompinga Amin walipigana bega kwa bega na Watanzania.

Hesabu ya Watanzania waliokufa jeshini inayotajwa sana ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Tofauti hiyo inastahili kutazamwa: katika vita hivi safari ndefu na ajali nazo zilichukua watu.

Askari wengi waliopoteza maisha wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, penye makaburi ya mashujaa ndani ya eneo la jeshi. Siku ya Mashujaa huadhimishwa nchini kila tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine, akiwemo mwakilishi wa wazee waliopigana vita, huweka silaha nyingine za jadi na mashada. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika Kaboya, Rais Jakaya Kikwete akiwepo. Mkoa uliovibeba vita ulistahili heshima hiyo mapema zaidi.

Walionusurika walirudi kwenye nchi yenye maduka matupu. Gharama ya vita ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, wakati uleule bei ya mafuta ikipanda duniani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18; mikanda ilikaa imefungwa kwa miaka. Kati ya waliopigana, majenerali wanajulikana kwa majina. David Musuguri, aliyeanza uaskari katika King's African Rifles mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska, aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, kisha akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Mgambo walio wengi, kinyume chake, walirudi kwenye mashamba na ajira zao, na kwa jirani zao wakabaki kuwa wazee wa kawaida wa kijiji.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 alipoitwa mgambo mwaka 1978 sasa amepita miaka 65. Familia zenye picha, barua au kitambulisho cha mgambo wa vita hivyo, na shule zilizo karibu na wazee hao, hasa Missenyi na Muleba, ziandike majina yao, vijiji vyao na walikopigana, wakati wenyewe bado wapo wa kusahihisha.