Waokoaji wa visimani: Hewa kwanza, kisha kamba mbili

KISIMA kilichochimbwa kwa mkono huwa na upana wa mita moja hivi, na hicho ndicho kipimo cha nafasi aliyonayo mwokoaji. Hawezi kugeuka akiwa amebeba mtu, hawezi kukimbia kingo zikimomonyoka, wala hawezi kutoka kwa nguvu zake mwenyewe. Anachobakiwa nacho ni kamba, pamoja na watu walioishika huko juu.

Miinuko ya Kigoma si geni kwa hatari hiyo. Muyama, kata iliyomo katika Wilaya ya Buhigwe, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu, ni eneo la vijiji vya vilimani ambako, kama ilivyo vijijini kwingi nchini, kisima cha mkono na choo cha shimo ni sehemu ya maisha. Ndoo ikikatika au mtoto akiteleza, wa kwanza kufika ni jirani, naye aghalabu huja na kamba ile ile iliyomfunga mbuzi asubuhi.

Kisheria, kazi ya uokoaji ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 na kuwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Namba yake ya dharura ni 114. Makala haya yanaeleza kanuni zinazotawala kazi ya kamba miongoni mwa askari wa zimamoto duniani, na sababu ya kanuni hizo kumlinda mwokoaji kwanza, kabla ya yule anayeokolewa.

Anayefuata ndiye hufa

Sababu hiyo ni ya kusikitisha, nayo inathibitishwa na takwimu. Mwaka 1986 Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya vifo vilivyotokea katika sehemu zilizobana, kama vile mashimo, matangi na mitaro ya majitaka, viliwapata watu walioingia kuokoa wenzao. Wengi hawakuanguka wala kufukiwa na udongo. Walivuta hewa iliyokuwemo, basi.

Mtiririko wa ajali za namna hii hufanana mno. Mtu wa kwanza huteremka kutoa ndoo au kuongeza kina, naye hulegea ghafla. Ndugu yake aliyeko juu hudhani ameteleza, hivyo hushuka kumshika, naye hulegea. Wa tatu hushuka kwa sababu sasa waliomo ni wawili. Katika dakika chache familia moja hupoteza watu ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya uzembe kwa jinsi alivyoelewa mambo.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, askari huhesabu kuwa mahali hapo ni pa hatari. Ikiwa chini ya asilimia 10, mtu huzimia upesi. Chini ya 6, hufa katika muda wa dakika. Kisimani oksijeni huondolewa na kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa na hivyo hutuama chini kama maji. Katika vyoo vya shimo kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Hila yake ni kwamba inapofikia kiwango cha sehemu 100 katika milioni, hudhoofisha pua, na mtu hudhani harufu imekwisha ilhali sumu ndiyo imezidi.

Iko sumu nyingine ambayo watu huipeleka shimoni wenyewe. Pampu ya petroli ikishushwa kisimani ili kupunguza maji, moshi wake hujaza shimo kwa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Pampu ya aina hiyo hukaa juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo unauelekea.

Wazee walikuwa na kipimo chao: kushusha kibatari kilichowashwa. Kipimo hicho kina ukweli nusu, na nusu iliyobaki huua. Moto huzimika oksijeni inapokaribia asilimia 16, hivyo kibatari kikizimika, asishuke mtu. Lakini kikiendelea kuwaka hakithibitishi chochote, maana kabonimonoksaidi na haidrojeni salfaidi zinaweza kumuua mtu huku taa ikiwaka. Katika choo cha shimo, ambamo methani inaweza kufikia asilimia 5 ya hewa na kulipuka, kushusha moto ni kuongeza janga juu ya janga.

Askari hutumia kipimo cha gesi nne, kinachoshushwa kwa uzi na kusomwa karibu na mdomo, katikati na chini kabisa, kwa kusubiri kidogo katika kila kituo. Kipimo hakiondolewi baada ya hapo. Hukaa na mwokoaji muda wote, kwa kuwa tope likitibuliwa huachia gesi iliyojificha. Feni yenye bomba linalofika chini hupuliza hewa safi. Hewa ikiwa bado mbaya, anayeshuka huvaa kinyago chenye hewa yake mwenyewe. Kitambaa kilicholowanishwa maji na kufungwa puani, desturi inayoonekana mara nyingi, hakiongezi oksijeni hata chembe.

Kamba isiyoaminika

Mkoa wa Kigoma una watu wanaoijua kamba. Mgema wa michikichi hupanda kwa kitanzi kinachomzunguka yeye na shina, na uhai wake hutegemea jicho lake la kukagua nyuzi. Jicho hilo ni jambo la kuheshimiwa. Hata hivyo, kamba ya katani huoza kwa ndani kabla ya kuonyesha dalili nje, hasa ikikaa katika unyevu, nayo haifai kubeba watu wawili juu ya shimo.

Funzo kubwa katika jambo hili lilitoka New York, Juni 27, mwaka 1980. Askari wa zimamoto aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya jengo lililokuwa likiungua ili kumchukua mwenzake aliyekuwa amezingirwa dirishani. Alimfikia na kumshika. Uzito wa wawili ulipoingia katika kamba, ikakatika. Wote wawili walikufa. Kifo hicho ndicho kilichosukuma kuandikwa kwa viwango vya kamba za uokoaji nchini Marekani, vilivyotolewa mara ya kwanza miaka michache baadaye, na ambavyo leo hufuatwa au kuigwa katika nchi nyingi.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu mmoja na vifaa vyake hukadiriwa kuwa kilo 136, na wawili kilo 272. Kiasi hicho kikizidishwa mara 15 hupatikana zaidi kidogo ya tani nne, na huo ndio uwezo wa chini wa kamba ya uokoaji ya matumizi ya jumla. Mara 15 inaweza kuonekana ni ubadhirifu, lakini sivyo. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba kwa robo au hata theluthi, jiwe lenye ncha hupunguza zaidi, na mtikiso wa mtu anayeteleza huongeza mzigo ghafla.

Kamba yenyewe ni ya nailoni au poliesta, yenye kiini kilichofunikwa kwa ala, unene wa milimita 11 hadi 13, na isiyovutika sana. Hukaguliwa kwa macho na vidole kabla na baada ya kila kazi, na historia yake huandikwa daftarini. Ikikanyagwa, ikimwagiwa tindikali ya betri au ikipokea mshtuko mkubwa, huondolewa kazini. Haifai kuvutia gari siku ya Jumatatu kisha kubeba mtu siku ya Jumanne.

Tena huwa ni mbili. Ya kwanza hubeba mzigo. Ya pili hufungwa mahali pengine na kusimamiwa na mtu mwingine, ili moja ikishindwa nyingine ipokee. Kinachosahaulika ni kwamba kamba mbili zilizofungwa kwenye mti mmoja mbovu ni sawa na kamba moja.

Mahali kamba inapofungiwa panahitaji hesabu pia. Ikiwa mzigo unaning'inia kati ya miti miwili na kamba zake zinafanya pembe ya nyuzi 60, kila mti hubeba asilimia 58 ya uzito. Pembe ikifika nyuzi 90, kila mmoja hubeba 71. Ikifika 120, kila mmoja hubeba uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Ndiyo maana askari hupendelea kurefusha kamba za juu ili pembe iwe nyembamba.

Kuhusu kingo, mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Umati unaochungulia kisima wakati wa masika ni mzigo juu ya ukuta uliolowa. Watu husogezwa nyuma, mbao pana hutandazwa kuzunguka mdomo ili kusambaza uzito, na magari huegeshwa mbali kwa sababu ya mtikisiko na moshi.

Amri moja, sauti moja

Mtu mmoja tu ndiye hutoa amri, naye hashiki kamba. Mwingine husimamia usalama na ana mamlaka ya kusimamisha kazi wakati wowote. Neno "simama" linaweza kutamkwa na yeyote, hata askari mgeni kuliko wote. Pale ambapo sauti haifiki, hutumika mivuto ya kamba iliyokubaliwa kabla: mmoja, niko salama, miwili, legeza, mitatu, vuta, minne, nisaidieni. Kila kikosi kinaweza kuwa na lugha yake, mradi wote waijue kabla ya mtu kushuka.

Kamba iliyokazwa nayo ni silaha. Watanzania walilishuhudia hilo Novemba 6, mwaka 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, ambapo 19 walipoteza maisha. Mvuvi Majaliwa Jackson, aliyepongezwa kwa ujasiri na baadaye kupelekwa katika mafunzo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, alisimulia kwamba kamba iliyofungwa mlangoni mwa ndege na kuvutwa ilikatika, ikampiga usoni na kumfanya azimie. Alizindukia hospitalini. Kanuni inayohusika ni fupi: kamba inapovutwa kwa nguvu, asisimame mtu katika mstari wake.

Haraka yenye mipaka

Aliyening'inia katika mkanda wa mwili bila kujongea anaweza kupoteza fahamu katika muda wa dakika, kwa kuwa damu hutuama miguuni. Kwa hiyo mpango wa kumtoa mwokoaji mwenyewe hukamilishwa kabla hajashuka, si baada ya kukwama. Zamani ilifundishwa kwamba mtu huyo akitolewa aketishwe kwanza. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa Uingereza mwaka 2009 hayakupata ushahidi wa jambo hilo, na ushauri wa sasa ni kumlaza.

Yapo mashimo ambayo kamba haiwezi kuyafikia. Nchini Morocco, Februari mwaka 2022, mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika kisima kikavu chenye kina cha mita 32, chembamba mno kwa mtu mzima. Waokoaji walilazimika kuchimba kilima chote kando yake, polepole kwa kuogopa maporomoko, na walipomfikia siku ya tano alikuwa amefariki. Walilaumiwa na baadhi ya watu kwa kuchelewa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama hizo hazikuwa za haki, maana njia ya haraka ingewazika wote pamoja naye.

Kwa upande mwingine, mwaka 2015 wachimbaji watano wa dhahabu huko Nyangalata, wilayani Kahama, walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao wa sita alifia humo. Udongo uliporomoka, lakini hewa iliendelea kuwafikia. Mwenye hewa anaweza kusubiri.

Hilo ndilo linalowahusu majirani wa Muyama kabla askari hawajafika. Asiye na vifaa asishuke, hata kama aliyemo ni mwanawe, na wenzake wamzuie kwa mikono ikibidi. Aliyemo akiwa na fahamu, ateremshiwe kamba yenye kitanzi kikubwa ajipitishe kwapani, azungumzishwe bila kukatizwa, na avutwe na watu kadhaa kwa mwendo wa taratibu. Anayepiga 114 ataje kijiji na njia ya kufika, kina na upana wa shimo, kama kuna maji, kama kuna pampu iliyokuwa ikiunguruma, ni watu wangapi wamo, na ni lini mara ya mwisho walijibu walipoitwa.