Ngoma za Arua na Koboko: Sauti Iliyonaswa na Maana Inayosubiri

Katika Kiswahili neno ngoma lina mzigo mkubwa. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji. Tena ngoma ni shughuli yenyewe inayowakutanisha watu, pamoja na nyimbo zake, vyakula vyake na sababu ya kukutana. Walugbara wa kaskazini-magharibi ya Uganda nao, katika neno lao ongo, hawakutenga wimbo na uchezaji: neno ni moja. Sisi walimu wa lugha twafahamu kwamba watu hawaweki mambo mawili ndani ya neno moja bure. Walioyaunganisha katika kusema, waliyaishi yakiwa pamoja.

Chombo cha kunasa sauti hakiujui umoja huo. Huchukua mlio na kuacha mengine yote uwanjani: vumbi, marehemu anayeliliwa, ukoo uliokuja na ukoo uliokataa kuja. Kwa hiyo yafaa tujiulize: ngoma iliyonaswa imehifadhiwa kwa kiasi gani? Na ni nani awezaye kuikamilisha hifadhi hiyo? Nchi ya Arua na Koboko yatupa mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa historia yake imeonyesha faida ya kanda za sauti na upungufu wake pia.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Aroi na vitongoji vingine vinavyouzunguka mji wa Arua ni makazi ya Walugbara. Ukielekea kaskazini unafika Koboko, nchi ya Wakakwa, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan ya Kusini inakutana. Kusini wanakaa Waalur. Ingawa watu hawa ni majirani, lugha zao hazitoki katika shina moja. Kilugbara ni miongoni mwa lugha za Sudani ya Kati. Kikakwa ni ndugu wa Kibari, katika kundi la lugha za Kiniloti za Mashariki. Na Kialur kimo katika Kiniloti cha Magharibi, pamoja na Kiacholi na Kijaluo. Hata hivyo vyombo na michezo vimevuka mipaka ya lugha tangu zamani. Tarumbeta za mti zipulizwazo ubavuni, ambazo Waalur huziita agwara, zimesikika pia kwa majirani wao. Kila tarumbeta hutoa sauti moja au mbili tu, basi wimbo haukamiliki mpaka wapigaji wengi waitikiane. Kinubi kiitwacho adungu nacho kilitoka kwa Waalur kikaenea, na leo chasikika katika makanisa na mashule ya Uganda nzima.

Kiswahili si mgeni mpya huko. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909. Mwaka 1910 ikawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa katika Uganda; mwaka huo huo mji wa Arua ukaanzishwa kuwa makao ya serikali ya wilaya. Vijana wengi wa Kilugbara na Kikakwa waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, wakarudi na Kiswahili cha kambini. Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, waliishi mjini wakisema Kiarabu chao cha Kinubi pamoja na Kiswahili, nao walikuwa na ngoma yao ya wanawake iitwayo doluka. Na biashara ya mpakani na Kongo imekikuza Kiswahili cha sokoni hadi hivi leo.

Katika miaka ya 1949 hadi 1952 mtaalamu wa Kiingereza, John Middleton, aliishi miongoni mwa Walugbara akichunguza maisha yao. Walimu wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kitabu chake juu ya Waswahili kilichotoka mwaka 1992, lakini jina lake alilijenga kwanza kwa kitabu juu ya dini ya Walugbara, kilichotoka mwaka 1960. Maandishi yake yanaonyesha kwamba ngoma kubwa kuliko zote kwa Walugbara ilikuwa ngoma ya matanga. Mzee aliyeheshimika akifa, ngoma zilichezwa siku nyingi. Koo zilizohusiana na marehemu zilikuja makundi makundi, kila kundi na nyimbo zake, na kuingia uwanjani lilikuwa jambo la daraja na heshima. Nyimbo zenyewe zilikuwa na mafumbo: zilisifu, zilikumbusha deni, zilichoma wapinzani. Si ajabu kwamba ngoma ya kulilia maiti mara nyingine iligeuka ugomvi.

Katika uwanja huo mwanamume alipiga mlio wake mwenyewe, mlio wa juu uitwao cere. Kila mwanamume alikuwa na cere yake, na waliomjua waliweza kumtambua kwa mbali kabla hawajamwona. Kuitumia cere ya mwingine ilikuwa kosa. Kwa maneno mengine, mlio huo ulikuwa jina lisiloandikwa. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye chombo cha kunasia. Hazina ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900, na miaka michache baadaye sauti za Afrika ya Mashariki zilikuwa zimekwisha kuingia humo. Mwaka 1906 Karl Weule alitembea kusini ya nchi ambayo leo ni Tanzania akiwa na chombo cha kunasa sauti kwenye nta. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kuimba ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani yote. Lakini santuri za biashara zilifuata wanunuzi, na wanunuzi walikuwa mijini. Ngoma za nchi kama Aroi na Koboko zilihitaji mtu wa kuzifuata kwa hiari yake.

Mtu huyo alikuwa Klaus Wachsmann. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, akasoma muziki huko katika zama za Erich von Hornbostel, mkuu wa hazina ile ya sauti. Kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, utawala wa Hitler ulimlazimisha kuondoka kwao. Mwaka 1937 alifika Uganda kufanya kazi ya elimu katika misheni, na kuanzia mwaka 1948 hadi 1957 aliongoza Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Aliona kwamba ngoma iliyofungiwa kabatini ni mti na ngozi tu. Kwa hiyo aliwaweka wapigaji katika jumba la makumbusho ili wageni wasikie pamoja na kuona. Tena kuanzia mwaka 1949 alizunguka nchi akinasa muziki, na safari zake zilifika hata magharibi ya Nile. Kwa jumla alikusanya vipande zaidi ya elfu moja. Mkusanyo huo ukawekwa London, katika taasisi ya sauti iliyoingizwa katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza mwaka 1983.

Wakati huo huo Hugh Tracey alikuwa akipita Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa gari lililobeba mitambo yake. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na mfululizo wake mkuu ulitoa sahani 210. Kazi za mabwana hawa wawili ni msingi ambao mtafiti wa leo hawezi kuukwepa.

Walakini tuupime msingi huo kwa haki. Sahani ya santuri ya siku zile ilibeba takriban dakika 3 kila upande. Ngoma ya siku nyingi ikikatwa ikawa dakika 3, kinachobaki ni kama mstari mmoja wa utenzi mrefu: twajua mizani, hatujui kisa. Pili, mnasaji alihitaji utulivu, na matanga hayana utulivu. Kwa hiyo mara nyingi wapigaji waliombwa wapige mbele ya chombo, bila maiti wala wapinzani. Tatu, maelezo yaliyoandikwa yalikuwa mafupi: jina la kabila, jina la mahali, aina ya wimbo, na vyombo. Mlio wa cere ukiingia katika kanda ya namna hiyo, mgeni husikia ukelele. Mwana wa ukoo angesikia jina la babu yake.

Liko na jambo la lugha. Kilugbara ni lugha ya toni. Neno lenye herufi zile zile hubadilika maana sauti ikipanda au ikishuka. Padre Crazzolara, katika kitabu chake juu ya lugha hiyo kilichotoka mwaka 1960, alilishughulikia jambo hili kwa bidii, lakini maandishi ya kila siku hayaonyeshi toni kwa ukamilifu. Basi wimbo ulioandikwa bila kanda hupoteza toni, na kanda isiyo na msikilizaji ajuaye hupoteza fumbo. Kila kimoja kinamhitaji mwenzake.

Kisha ikaja miaka ya msiba. Idi Amin, ambaye alihesabiwa kuwa Mkakwa wa Koboko, alipinduliwa Aprili 1979. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wake wa zamani waliingia kutoka Sudan, na jeshi la serikali likalipiza kisasi juu ya raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari. Mamia ya maelfu ya watu wa magharibi ya Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na wengi hawakurudi mpaka baada ya mwaka 1986. Anayekimbia usiku na mtoto mgongoni habebi ngoma ya mti. Wazee waliofia ugenini hawakuliliwa kwa siku nyingi katika uwanja wa koo zao, na watoto waliokulia makambini walikosa shule ile ambayo ngoma ilikuwa imewapa baba zao.

Hapo ndipo faida ya kanda inapoonekana. Sauti zilizonaswa miaka 30 kabla ya msiba zilikuwa salama London, mahali ambapo moto wa Koboko haukufika. Hatuna budi kushukuru. Lakini zilikuwa salama mbali na watu wawezao kuzieleza. Mwenye nyumba alikuwa na funguo bila sanduku, na sanduku lilikuwa kwa mtu asiye na funguo.

Habari njema ni kwamba masanduku yameanza kurudi. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, kilianzisha hazina ya muziki yenye jina la Wachsmann na kupata nakala kutoka London. Nchini Kenya, mwaka 2014, maktaba ya Tracey ikishirikiana na Ketebul Music ilirudisha nyimbo za mwaka 1950 kwa Wakipsigis, pamoja na ule wimbo mashuhuri wa wasichana uitwao Chemirocha, uliozaliwa kutokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika kwenye santuri. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na bado walikuwapo watu wa kusikiliza na kueleza.

Arua na Koboko zaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa sababu kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2016 vita vya Sudan ya Kusini vimewaleta wakimbizi wengi katika makambi ya Bidi Bidi, Rhino na Imvepi. Miongoni mwao wamo Wakakwa wa upande wa Yei, pande zile zile zilizowapokea Waganda wa magharibi ya Nile baada ya mwaka 1980. Wimbo uliosahauliwa Koboko huenda ukakumbukwa kambini. Kanda moja ikisikilizwa na wazee wa pande zote mbili, yaweza kuunganisha kumbukumbu iliyokatwa na mpaka.

Katika kazi hiyo mwalimu wa Kiswahili ana nafasi yake. Uganda iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa badiliko la katiba la mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua ifundishwe shuleni kwa lazima. Wako wanaoogopa kwamba Kiswahili kitameza lugha za nyumbani. Dawa ya hofu hiyo ni matendo. Mwanafunzi na apewe kazi ya kumkalisha mzee mbele ya kanda, na kuandika maneno ya wimbo kwa Kilugbara au Kikakwa jinsi yalivyo, bila kuyageuza. Chini yake aeleze kwa Kiswahili: wimbo huu uliimbwa katika shughuli gani, na ukoo gani, nani anatajwa, na kwa nini, fumbo hili lilimchoma nani. Kwa njia hiyo Kiswahili kitakuwa mkeka ambao juu yake Mlugbara, Mkakwa, Mwalur na Mnubi wanakaa na kusikilizana, na hakuna atakayeambiwa aache wimbo wake mlangoni.

Lakini kazi hii ina muda wake. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1950, aliyesimama pembeni ya uwanja akawatazama baba zake wakiingia, leo amekwisha kupita miaka 80. Kanda zaweza kungoja kabatini miaka mingine 100. Yeye hawezi. Kwa hiyo, walimu wenzetu, yatupasa kuanza kwa wazee, na kuanza muhula huu.